Mkata Kucha na Vidole vya Mama

Sipendi miguu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani naandika haya kwa mapenzi. Tangu utotoni, huko Hell-Ville katika kisiwa cha Nosy Be, nilikuwa siwezi kula mkekani karibu na mtu aliyenyoosha miguu yake, na hata sasa, hapa Tanga nilikoolewa, mume wangu anajua kwamba sahani ikishawekwa, miguu inafichwa. Katika umri wangu wote hakuna mtu aliyenitia kinyaa kama yule bwana tuliyemwita Mkata Kucha. Na hakuna mtu, asiye ndugu yangu, ambaye nimekaa mlangoni pake muda mrefu kama yeye.

Nilikaa kwa ajili ya mama. Mama alikuwa na sukari, na nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa ganzi, kama za bibi mzaa mama kabla yake. Bibi alikatwa mguu Nosy Be. Ule mguu uliombwa, ukaoshwa, ukavikwa sanda yake peke yake na kuzikwa hukohuko, maana ndivyo tufanyavyo. Baadaye bibi akachukuliwa ng'ambo, mji wa Mahajanga, kwa wanawe, akafa na kuzikwa Mahajanga. Mguu kisiwani, mwenyewe bara, na bahari katikati. Jambo hilo lilimkaa mama rohoni maisha yake yote. Kufa hakukuwa kukimtisha. Alichokiogopa ni kuzikwa vipandevipande. "Siku ya kufufuliwa mimi nitasimamia wapi?" alikuwa akiniuliza, na hakuwa anatania. Kwa hiyo kazi yangu, mimi binti mkubwa, ilikuwa moja: mama aingie kaburini mzima. Na kwa kazi hiyo nilihitaji yule mtu mchafu.

Nikisema mchafu naomba nieleweke. Mkata Kucha alinawa mikono kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alinawa kabla ya kila mguu, kwa sabuni ya kufulia, mpaka kwenye viwiko, akisugua baina ya vidole kama anayetaka kuvichuna. Lakini akishamaliza kukwangua, kukamua na kuchokonoa, hakunawa tena. Alijifuta kwenye koti lake jeupe, akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha mkate na kukitafuna huku akimwita mgonjwa anayefuata. Mgonjwa akikaa, ndipo ananawa. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza kwa nini hanawi kabla ya kula. Akanitazama kama mjinga.

"Mwenye kidonda ni yeye," akasema. "Mimi ninacho?"

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na pua yake ilikuwa imetanda usoni na vinyweleo vikichungulia. Kazi aliifundishwa na daktari Mfaransa aliyekuwa akihudumia watu wa mashamba ya miwa na langilangi kule Nosy Be. Wafaransa wana jina la kazi hiyo, pedikiri, na yeye alilipenda sana. Alipohamia Mahajanga baada ya uhuru, kama sisi tulivyohamia, akakodi chumba mtaa wa Mahabibo na kuliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango, kubwa kuliko mlango wenyewe. Haikusaidia kitu. Mji mzima ukamwita Mkata Kucha, isipokuwa mama, aliyemwita Daktari, na yeye akimwita mama Bweni, kama mabibi wa heshima wa Kingazija wanavyoitwa. Sisi nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi, na Kifaransa mbele ya makarani. Kiswahili nimekuja kukizoea huku ukubwani, na ndicho ninachomsemeshea hapa. Yeye alichanganya zote: aliuliza kwa Kimalagasi, akataja dawa kwa Kifaransa, akatukana kwa Kingazija.

Alianza na pua. Kabla ya kutazama chochote aliuinua mguu kwa mikono miwili, akainama, akanusa kisigino, kisha akapandisha pua taratibu mpaka baina ya vidole, macho yamefumbwa, kama mwanamke anayechagua samaki na hamwamini muuzaji. Halafu akatoa hukumu. "Huu una hewa mbaya tu." Au, "Huu una kitu ndani." Mara ya kwanza kuona jambo hilo ilikuwa Hell-Ville, alipokuwa bado kwenye zahanati ya yule Mfaransa, na mguu wenyewe ulikuwa wa mvuna miwa aliyejikata kwa panga na kuufunga kwa majani mpaka ukafura. Aliufungua, akanusa, na usaha ukamgusa ncha ya pua. Akaufuta kwa kiganja. Nilitoka mbio nikatapika chini ya mlangilangi wa jirani uliokuwa umejaa maua. Watu wanalisafirisha langilangi mpaka Ulaya, wanawake wanalipaka shingoni. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya usaha, na itabaki hivyo.

Sitaki kusema alikuwa hajui kazi. Hapana, aliijua, na alijua kwamba anaijua, na alikuwa haachi kukwambia. Ukucha uliozama nyamani aliukata kipembe, akasokota uzi wa pamba mdogo kabisa na kuupenyeza chini ya ukucha ili uote kwa juu, huku mwenye mguu akilia na yeye akimwuliza nani alimfundisha kuzungusha kucha kama mwezi. "Kata sawa! Sawa kama meza!" Sugu yenye kiini hakuikata kwa haraka. Aliiloweka kwenye maji ya vuguvugu ya chumvi mpaka ikawa nyeupe, akaikwangua tabaka kwa tabaka kwa wembe, na mwisho akakichomoa kile kiini kigumu na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha ili sote kwenye benchi tukione. Lazima tukione. Kama ulifumba macho, alikungoja ufumbue. Visigino vyenye magaga alivisugua kwa jiwe jepesi lenye vitundu, na unga wake ulidondoka kwenye karatasi aliyoitandika magotini.

Ule unga, na vile vipande vya kucha na sugu, alikung'utia uani, kwa kuku. Nasema kweli. Kuku wake walikuwa wakisikia karatasi inakunjwa wanakuja mbio. Kisha, kwa ukarimu, alimpa mama mayai ya kupeleka nyumbani. Mama aliyapika, akasifu kiini chake kwamba ni chekundu kizuri. Mimi sijawahi kula yai la Mahajanga tangu hapo, na mpaka leo nikikaribishwa yai mahali huwa nauliza kuku anakula nini.

Sura za watu hazikumkaa kichwani. Ungemsalimu sokoni, "Mbola tsara," akakupita kama mti. Lakini ukivua kiatu, alikukumbuka mpaka mwaka uliojikwaa. Wateja wake aliwaita kwa maradhi yao, tena kwa sauti: Gumba la Forodha, Visigino vya Mama Mkate, Kifundo cha Pusipusi. Mke wa mfanyabiashara mmoja mkubwa alikuja amejifunika buibui zuri ili asijulikane, na Mkata Kucha akatoka mlangoni akaita, "Yule wa ukungu wa vidoleni aingie!" Yule bibi hakurudi tena. Mimi nisingerudi pia.

Uhuru ulipokuja, yeye aliona umekuja na viatu. Makarani waliokuwa wakitembea na makubazi sasa wakawa wakubwa wa ofisi, na mkubwa wa ofisi havai makubazi. Wakanunua viatu vya Kifaransa vilivyochongoka mbele, vimeshonwa kwa mguu wa mtu aliyevaa viatu tangu utotoni, wakaingiza humo miguu iliyokuwa imekwisha kutanuka. Lile benchi la Mahabibo likajaa suti. Malengelenge, sugu juu ya vidole, kucha zilizokufa zikawa nyeusi, nundu kwenye kifundo cha gumba zilizowaka nyekundu kama pilipili. Mkata Kucha alichukia kwenda pekupeku kwa sababu ya funza na vidonda, na alichukia viatu kwa sababu ya haya mengine, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kumridhisha.

Namkumbuka mkubwa mmoja wa forodha, huyo aliyeitwa Gumba. Kulikuwa na sherehe ya bendera kesho yake na alitakiwa asimame mstari wa mbele. Nundu yake ilikuwa imefura hata hawezi kukanyaga. Mkata Kucha aliinusa, akaibonyeza, akakata pedi ya sufu yenye tundu katikati na kuizungushia nundu ili isisuguliwe. Kisha, bila kuuliza, akachukua kile kiatu kipya cheusi kinachong'aa, akapima kwa kidole, na kwa wembe uleule akakitoboa dirisha ubavuni.

"Unafanya nini!" yule bwana akapiga kelele. "Hicho kimetoka Paris!"

"Na mguu umetoka wapi?" akajibu Mkata Kucha. "Ukitaka mwingine, kauagize na huo."

Yule bwana alikaribia kulia. Lakini kesho yake alisimama sherehe nzima, na pale kwenye dirisha alikuwa ameipaka soksi dawa ya viatu. Niliiona kwa macho yangu, ikitoka na kuingia kama ulimi kila alipohamisha uzito.

Na muadhini wetu. Huyu alikuwa mzee msafi, mtu wa Mungu, lakini baina ya vidole vyake vya miguu palikuwa peupe, panachubuka, panatoa harufu ya mkate uliolowa. Alikuwa akitawadha kila sala, akisugua baina ya vidole kama inavyotakiwa, kisha akiacha maji ya udhu yakauke yenyewe, maana wazee wengi waliona si vizuri kuyafuta. Hapo sawa. Ila siku hizi za uhuru naye alikuwa amenunuliwa viatu vya kufunika na wanawe, na miguu mibichi ilikuwa ikiingizwa humo mara baada ya sala. Mkata Kucha alimpaka dawa ya zambarau mpaka miguu ikafanana na bilinganya, akampa kitambaa.

"Futa," akamwambia. "Baina ya kila kidole. Halafu ndiyo uvae."

"Maji ya udhu hayafutwi," mzee akasema.

"Mungu amekwambia uoshe. Wapi amekwambia uoze?"

Watu wa msikiti walimkasirikia siku nyingi kwa neno hilo, na wakakumbushana kwamba msikitini kwenyewe hawamwoni isipokuwa Ijumaa, na Ijumaa yenyewe husimama safu ya nyuma. Nilimwona mimi nikipita: yuko nyuma anatazama nyayo za watu waliosujudu. Lakini baada ya muda kila mwenye viatu vya kufunika alikuwa na kitambaa begani. Hakuna aliyemshukuru.

Wavuta pusipusi, vile vigari vya magurudumu mawili vinavyokokotwa na mtu, aliwatibu tofauti. Hawa walikimbia siku nzima kwenye lami ya moto wakivuta watu wazima na magunia, na nyayo zao zilikuwa kitu ambacho sitakieleza. Wakiteguka kifundo, rafiki zao waliwapeleka kwa wakandaji, wakandwe kwa mafuta ya moto na kuvutwa mguu mpaka ulie. Hapo ndipo nilipomwona Mkata Kucha akipandwa na hasira za kweli, za kutetemeka. "Mguu umefura, unauwekea moto?" Alifunga kifundo kwa vitambaa virefu, akianzia vidoleni kupanda juu, akiukunja utepe kama namba nane, akamwamuru mtu aunyanyue mguu juu ya gunia na asiukanyage. Wale ambao kisigino kiliwauma asubuhi wakiamka, aliwapa chupa ya soda wabingirishe chini ya unyayo kabla ya kusimama. Hakuwafokea wavuta pusipusi. Hakuwachekea pia. Nadhani aliwaonea huruma, ila huruma kwake ilikuwa jambo la kulifanyia kazi, na sura yake ilibaki ileile.

Cha kuudhi zaidi ni miguu yake mwenyewe. Ilikuwa mizuri. Laini, ya duara, kucha zimekatwa sawa kama meza, anaipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, na alikaa akiikunjua mbele yetu kama mtu anayeonyesha watoto wake. Sijui kwa nini hilo nalo lilinichefua, lakini lilinichefua.

Kwa mama alikuwa na amri zake. Asitembee pekupeku hata uani. Atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, maana jiwe atalikanyaga siku nzima bila kujua. Aweke kioo sakafuni na kutazama nyayo zake kila asubuhi. Asikaribie maji ya moto kabla mimi sijayapima kwa kiwiko. Alipopata kidonda chini ya unyayo, Mkata Kucha alikikwangua kingo zake mpaka nyama hai ionekane, na mimi nilikuwa nimeshika taa ya mkono, naangalia ukuta. Kisha akamchongea kandambili za mpira wa gari, nene, na ndani yake akachimba kishimo pale penye kidonda ili kisiguse kitu. Kidonda kikafunga. Mama aliona haya kuzivaa mbele za watu, lakini alizivaa. Kila wiki alimpelekea miguu yake kama mtu anayepeleka mtoto kupimwa, na kila mara aliuliza neno lilelile.

"Daktari, nitazikwa nayo?"

"Bweni, Mungu hapotezi miguu ya watu," alijibu kwa kuchoka. "Hilo la kuzika vipande mimi hunioni nalo. Nyama ikioza ni uozo. Nusa mwenyewe."

Mama hakupenda maneno hayo. Mimi niliyaona ya kikatili, na nikamhesabia.

Ikaja harusi ya mdogo wangu. Wanaojua harusi zetu za Kingazija hawataniuliza kwa nini mama aliacha kwenda Mahabibo. Nyumba yetu ilijaa shangazi, mchele, vitambaa na kelele. Mama alijipaka hina miguu yote miwili mpaka juu ya vifundo, nzito, nyeusi, ikarudiwa ikawa nyeusi zaidi. Alitaka kupendeza, na pia wazee wetu wanaamini hina hukausha ngozi na kufunga vidonda, kwa hiyo aliona anajitibu. Akivaa zile nguo zake za sherehe alikuwa kama bibi harusi mwenyewe. Kioo kilibaki ukutani. Kitu gani kingeonekana kwenye mguu mweusi?

Mkata Kucha alikuja bila kualikwa, asubuhi ya mkesha, akiwa na mkoba wake na koti lake lenye madoa. Akaingia moja kwa moja upande wa wanawake. Shangazi zangu wakapiga mayowe wakijifunika. Chumba kilikuwa na ubani, asumini, udi, na hilo langilangi lao. Yeye akasimama kizingitini, akainua pua.

"Kuna mguu unaoza humu," akasema.

Wanawake wote wakatazama chini, kila mtu miguu yake. Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine. Akapita katikati ya vitambaa, akapiga magoti mbele ya mama, akauchukua mguu wa kushoto. Mama, kwa aibu, akaendelea kuongea na shangazi kuhusu mchele, kwamba usipikwe wote mara moja, kwamba nazi ziongezwe. Aliongea haraka na kwa furaha ya kulazimisha. Mkata Kucha akatoa sindano mkobani, akaipitisha kwenye moto wa chetezo.

Mama alikuwa bado kwenye nazi.

"Bweni," akamwambia. "Angalia chini."

Mama akaangalia. Sindano ilikuwa imesimama ndani ya kidole chake cha pili, imezama nusu, na hakuna tone la damu lililotoka. Akaitazama kama inayomhusu mtu mwingine. Halafu akaishika kwa vidole vyake mwenyewe, akaitikisa, na hakusikia kitu.

"Mguu?" akauliza.

"Vidole viwili. Lakini leo. Ukingoja, mguu."

"Baada ya harusi."

"Baada ya harusi sitakuja mimi. Watakuja waosha maiti."

Shangazi wakamzomea, wakasema ana mdomo wa nuksi. Mama akanigeukia. Nilikuwa nimeshika leso puani kwa sababu sasa, nilipojua pa kunusia, niliisikia mwenyewe ile harufu chini ya udi na asumini. Nikamwambia, "Mama, twende." Alipanda pusipusi na nguo zake za sherehe. Mdogo wangu aliolewa bila mama yake, na mama aliyasikia yote kwa kusimuliwa.

Daktari wa hospitali, kijana Mmalagasi mwenye adabu, alisema hatukuchelewa. Alivikata vile vidole viwili na mguu ukabaki. Walijua desturi za watu wetu, kwa hiyo muuguzi alinipa mkononi kifurushi cha shashi, kidogo kama andazi. Kaka yangu, ambaye ndiye angezika, alikuwa harusini. Sikujua pa kwenda nacho. Kilikuwa kinanuka na kilikuwa chepesi, na kilikuwa mama yangu. Mkata Kucha, aliyekuwa ameketi muda wote kwenye benchi la wagonjwa akitazama viatu vya wapita njia, akasimama, akakichukua mkononi mwangu.

"Nitashughulikia," akasema. Akakitia mfukoni, mfuko uleule wa mkate, akaenda zake.

Mama alipozinduka aliulizia vidole. Nikamwambia Daktari amevichukua. "Basi vimezikwa," akasema, akafumba macho. Mimi nilikuwa nikiwaza wale kuku. Niliwawaza usiku na mchana. Mtu anayesema nyama ikioza ni uozo, mwenye ua uliojaa kuku, angefanya nini na vidole viwili? Sikumwuliza. Sikutaka kusikia jibu likitoka kinywani mwake na makombo ya mkate.

Mama akaishi. Alitembea kwa kandambili zake za mpira, akawaona wajukuu, na mguu haukuguswa tena. Kilichomchukua mwishoni kilikuwa moyo. Alilala kitandani akijua, na siku moja akaniita.

"Nenda kwa Daktari. Kamwulize vidole vyangu viko wapi, mnilaze karibu navyo."

Wakati huo Mkata Kucha alikuwa ameshafunga kile chumba cha Mahabibo. Mikono ilikuwa inamtetemeka na wembe hautaki mikono ya namna hiyo. Nikamfuata nyumbani kwake mtaa wa Ampisikina, ambako sikuwahi kufika. Nikamkuta barazani amekaa na mkewe. Alizeeka vibaya. Hakunijua, bila shaka, na mimi sikuvua kiatu. Nikamwambia mimi ni binti wa Bweni wa vidole viwili. Nikamwambia mama anakufa na anauliza.

Nikaona nisimwachie nafasi ya kutunga.

"Uliwapa kuku," nikasema. "Niambie tu, nijue la kumwambia."

Mkewe akainua uso. Mkata Kucha hakukasirika.

"Makaburini," akasema. "Mahabibo. Kwenye kaburi la mwanangu. Nilichimba upande wa miguuni, nikavitia humo."

Sikujua kwamba aliwahi kuwa na mtoto. Nilichokisikia kwanza, naungama hapa kwa sababu ndivyo nilivyo, kilikuwa kinyaa. Niliiona ile shashi, ule weusi, ile harufu, imefukiwa juu ya mtoto. Na neno likanitoka.

"Uozo ule? Umemwekea mtoto wako uozo?"

"Sikuwa na kaburi jingine," akasema. "Halafu yule alikuwa mdogo sana. Hakuwa amezoea kulala bila mtu mzima."

Mkewe akaingia ndani. Mimi nikaaga kwa adabu, labda kwa mara ya kwanza, nikarudi nyumbani na kumweleza mama yote, hata lile swali langu. Nilitegemea atalia, au ataagiza vichimbuliwe.

"Mnilaze hapohapo ubavuni," akasema. "Huyo mtoto anaitwa nani?"

Sikuwa nimeuliza. Nikavaa viatu vyangu, nikarudi Ampisikina kuuliza jina.